Krimu ya Fangasi Ukeni: Ilikotoka na Jinsi ya Kuitumia

Leo ningeomba watoto watoke nje wakacheze kidogo, kwa maana tunazungumza mambo ya akina mama. Ni habari ya fangasi wa ukeni na krimu ya kuwatibu.

Mama mmoja mchuma chai alinijia kliniki akiwa na mimba ya miezi 5. Alikuwa amejipaka krimu kwa wiki 3. Kila akipaka, mwasho unatulia siku mbili, kisha unarudi kwa ukali zaidi. Nilimwomba alete kasha lenyewe. Nikasoma maandishi madogo, nikaona ndani mna dawa tatu pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na ya tatu ni steroidi. Steroidi hutuliza mwasho upesi, lakini hupunguza kinga ya ngozi, na fangasi wanazidi kuzaana chini kwa chini. Aliuziwa dukani kama krimu ya fangasi tu.

Ili tuelewe kosa liko wapi, turudi nyuma kidogo.

Wakubwa wetu wanaikumbuka dawa ya zambarau, ile GV. Ilianza kama rangi ya kutia vitambaa huko Ulaya katika karne ya 19, ndipo madaktari wakaona kwamba inaua vijidudu. Hapa kwetu ilipakwa midomoni mwa watoto wenye utando mweupe, na akina mama wakapakwa sehemu za siri. Ilisaidia, lakini ilichafua kila kitu, na siri ya mama ikajulikana kwenye kamba ya nguo! Ikiwa kali ilichoma, ndiyo maana kwa mdomo wa mtoto wahudumu walifundishwa kuipunguza hadi asilimia 0.25. Mwaka 2019 serikali ya Kanada iliwaonya watu wake kwamba huenda inahusiana na saratani. Kama bado una chupa kuukuu nyumbani, usiitumie ukeni.

Dawa iliyofuata ilipatikana kwa kazi ya wanawake wawili wa Marekani, na mimi hupenda sana kusimulia habari yao. Elizabeth Hazen alifiwa na wazazi akiwa mtoto mdogo, akalelewa na jamaa. Alipokua alisomea vijidudu, akafanya kazi katika maabara ya serikali mjini New York. Mwenzake Rachel Brown alikuwa mkemia mjini Albany, mbali na hapo. Hazen alikuwa akipima udongo kutoka sehemu mbalimbali, akitafuta kijidudu kinachoweza kuua fangasi. Akikipata, anamtumia Brown kwa posta, naye Brown anaikamua dawa na kuirudisha kwa posta vilevile. Mwaka 1948 udongo wa shamba la marafiki wa Hazen huko Virginia ulitoa walichokitafuta, na mwaka 1950 wakaitangaza. Waliiita nistatini, kutokana na jina la jimbo lao la New York. Mirabaha yake ilipita dola milioni 13, na wao hawakujichukulia. Fedha zote zilikwenda kwenye utafiti wa sayansi. Ukipewa matone ya njano ya mdomo wa mtoto, mara nyingi ni dawa hiyo ya akina mama hawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikapata klotrimazoli, nayo ikaanza kuuzwa miaka ya 1970. Hiyo ndiyo iliyo katika krimu nyingi na tembe za kuweka ukeni tunazotoa leo. Inamzuia fangasi asijenge ngozi yake ya nje, naye hufa polepole. Ndiyo sababu dozi ya krimu huchukua siku kadhaa, hata kama mwasho umekwisha siku ya pili.

Lakini klotrimazoli si dawa ya kila uchafu. Fangasi huleta mwasho mkali na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, bila harufu mbaya. Ukiona rangi ya kijani au manjano, harufu kama ya samaki, damu, homa au maumivu chini ya tumbo, acha krimu uje kituoni. Msichana ambaye hajavunja ungo pia asiwekewe krimu nyumbani, mlete tumwangalie.

Sasa matumizi. Nawa mikono. Krimu ya asilimia 1 huwekwa ndani kwa kifaa chake, usiku unapolala, kwa siku 6 au 7. Tembe ya miligramu 500 ni moja tu, mara moja. Mjamzito asisukume kifaa kwa nguvu. Tembe anaweza kuiingiza kwa kidole safi. Vidonge vya kumeza vya flukonazoli mjamzito asijinunulie: utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2016 ulivihusisha na mimba kuharibika. Tena krimu hudhoofisha mpira wa kondomu, kwa hiyo anayeitegemea kupanga uzazi azungumze na mwenzake wapumzike hadi dozi iishe.

Na kuosha ndani kwa sabuni tuache. Watafiti waliwafuatilia wanawake wanaouza ngono mjini Mombasa kwa miaka 10, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliokuwa wakiosha ndani ya uke waliambukizwa VVU zaidi kuliko wasioosha, hasa waliotumia sabuni. Maji safi kwa nje yanatosha. Chupi ianikwe juani, isifichwe chini ya kitanda ikabaki na unyevu. Najua tunaona haya, na najua mvua ya Kericho ilivyo.

Fangasi wakirudi mara kwa mara, usibadilishe krimu tu. Omba upimwe sukari na VVU.

Yule mama tulimpa klotrimazoli peke yake, usiku 7. Mkojo haukuwa na sukari. Kliniki ya mwezi uliofuata alikuja akitabasamu, mwasho umekwisha. Halafu akalitoa kwenye mkoba lile kasha la zamani, akaniuliza kama anaweza kummalizia mtoto wake mdogo mwenye upele wa nepi. Nikamwambia hapana, mama. Tukalitupa palepale kwenye pipa la takataka la kliniki.