Rangi Zinazosaka Saratani Majini

Hematoksilini ilianza kama rangi ya nguo. Hutoka katika kiini cha mti unaoota Campeche, Mexico, na Wahispania walianza kuusafirisha Ulaya katika karne ya 16. Waingereza nao waliukata kwa uchu, hata kambi za wakataji wao zikaja kuzaa nchi ya Belize. Mwaka 1865, Böhmer wa Ujerumani aliichanganya na shabu, nayo ikashika barabara kwenye viini vya seli. Mwaka 1876 ikaunganishwa na eosini, rangi ya kiwandani: viini vikawa zambarau, sehemu nyingine ya seli waridi.

Kazi ya rangi hizo ilikuwapo tayari. Mwaka 1867 Lücke na Klebs walieleza seli za saratani walizoziona katika maji ya tumboni. Ugumu ulikuwa kuzitofautisha na seli za kawaida za utando wa kifua au tumbo. Seli hizo, zikichokozwa na moyo uliochoka, huvimba na kujikusanya, zikafanana mno na saratani.

George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia New York mwaka 1913, anajulikana kwa kipimo cha mlango wa kizazi. Lakini rangi zake, alizozitangaza mwaka 1942, hutumika pia kwenye maji yanayojaa kifuani. Maji huzungushwa kwa kasi mashineni, yaliyo juu yakamwagwa, mashapo yakapakwa kwenye slaidi na kutumbukizwa kwenye alkoholi yangali mabichi. Slaidi nyingine huachwa ikauke, ipakwe rangi ya jamii ya Giemsa. Saratani ya matiti mara nyingi hujitokeza kama mipira ya seli, kingo laini kama risasi za mizinga ya kale. Ile inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa ni mjanja zaidi: seli zake ndogo hutembea moja moja na kujificha kati ya seli za utando. Hapo rangi za kawaida hufika kikomo.

Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake, kule Harvard, walibandika rangi inayong'aa kwenye kingamwili, yaani protini inayonasa shabaha yake maalumu. Mwaka 1966 Nakane na Pierce wakatumia kimeng'enya kinachoacha alama ya kahawia, ikaonekana kwa hadubini ya kawaida. Kisha Köhler na Milstein, mwaka 1975, wakapata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja bila kikomo. Leo, kwa kingamwili hizo, protini ya kalretinini huonyesha seli za utando, na ile ya GATA3 huelekeza kwenye titi, ingawa hujitokeza pia kwenye saratani ya kibofu. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Kipimo cha vipokezi vya estrojeni ndicho chenye faida ya haraka kwa mgonjwa, kwani huonyesha kama dawa za homoni zinaweza kumfaa. Tena saratani iliyosambaa inaweza kubadilika, isifanane na ile ya titi. Basi, maji ya kifuani ya mgonjwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti yasimwagwe tu baada ya kumpunguzia dhiki ya kupumua, yapelekwe maabara.