Gari la Dukani Katika Matope ya Pasaka

Safari Rally ilianzishwa kwa sababu kuna mtu alikataa kuzunguka uwanjani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walowezi wa Kenya walikuwa na uwanja wao wa mbio za magari pale Langalanga, karibu na Nakuru. Eric Cecil, aliyeupenda sana mchezo huo, alimwalika jamaa yake Neil Vincent waende wakashindane. Inasimuliwa kwamba Vincent alikataa. Hakuona utamu wowote wa kuzunguka njia ile ile kutwa nzima. Akasema afadhali watu watoke langoni kwao, waivuke nusu ya Afrika, warudi, na atakayetangulia kufika awe mshindi. Cecil na wenzake walilichukua wazo hilo, na mwaka 1953, himaya ya Uingereza ilipokuwa ikisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wakaandaa mashindano waliyoyaita Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Jambo kubwa katika mashindano hayo, kwa macho ya fundi, ni kanuni ya gari. Lilitakiwa kuwa gari la dukani, lile lile ambalo mwalimu au karani angeweza kulinunua, na makundi yalipangwa kwa bei ya gari. Ukubwa wa injini haukuhesabiwa. Hapo ndipo ilipoanzia elimu ya kuandaa gari la kawaida kwa pesa kidogo liweze kazi ngumu, na elimu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mimi ni fundi, mtoto wa fundi. Baba yangu alikuwa makanika katika gereji moja mjini Nakuru miaka ya 1960 na 1970. Leo nina gereji yangu Nairobi, si mbali na barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Vijana huniletea Subaru Impreza zilizotoka Japani zikiwa zimetumika miaka saba au minane, wakitaka kuzipeleka kwenye mbio za autocross wikendi. Karibu kila mmoja huanza kwa kuuliza turbo kubwa ni pesa ngapi. Nikianza kumjibu, najikuta nazungumzia Volkswagen.

Volkswagen ya mwaka 1953 ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Hata hivyo Alan Dix aliitumia kufanya vizuri katika Safari ile ya kwanza, ambayo haikutangaza mshindi wa jumla, na mwaka uliofuata Vic Preston na D.P. Marwaha wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Ukiitazama kwa jicho la gereji utaona sababu. Injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo tairi hushika matope. Inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe wala ya kuziba udongo. Chini ni bapa, na mawe huteleza badala ya kukwama. Mercedes zilikuja zikashinda 1959, 1960 na 1961, lakini 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider walirudisha ushindi kwa Volkswagen.

Kisha kulikuwa na Pasaka. Mbio zilihamishiwa wakati wa sikukuu hiyo, ambapo masika huwa yamefika, na udongo mweusi wa pamba ukilowa hauchagui gari la bei. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyomaliza ni 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Magari ya siku hizo yalifungwa vishikio na vikanyagio nyuma ili msoma ramani ashuke, asimame juu ya bampa na kurukaruka, uzito wake uyasaidie magurudumu kushika. Kifaa hicho kilikuwa kipande cha bomba na bati la kukanyagia, kazi ya saa moja kwa mchomeleaji, na kiliokoa magari mengi kuliko kabureta yoyote iliyoagizwa ng'ambo.

Kazi iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, mtazamaji wa barabarani hakuiona kamwe. Gari la dukani kama Peugeot 404 halina chesisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na mabati yake yameunganishwa kiwandani kwa nukta za moto zilizoachana. Kwenye lami nukta hizo zinatosha. Kwenye mashimo ya kilomita elfu tano zinaanza kuachia moja moja, milango inagoma kufunga, kioo cha mbele kinapasuka bila kupigwa na kitu. Baba na wenzake walikuwa wakilivua gari kila kitu ndani: viti, zulia, dari. Tangi la mafuta linatolewa nje ya gereji, betri inafunguliwa, na gunia lililoloweshwa maji linawekwa karibu. Halafu gundi nyeusi ya kiwandani inayoziba mishono ya mabati inapashwa moto na kukwanguliwa mpaka bati ling'ae. Ndipo wanaanza kuchomelea ule mshono kati ya nukta na nukta: inchi moja moto, inchi moja acha. Hawakuunganisha moja kwa moja, kwa maana bati lililopashwa sana hupinda na kuwa kavu, likapasuka pembeni mwa mshono. Wakimaliza sehemu ya mbele kushoto, wanahamia nyuma kulia ili kwa mbele papoe. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na inataka gesi, waya na subira. Haiongezi hata nguvu moja ya farasi. Gari linalotoka hapo hukata kona kama gari jingine kabisa, kwa sababu sasa springi ndizo zinazofanya kazi, bodi imetulia.

Baada ya bodi ilifuata kinga ya sampu, bati nene lililokunjwa na kufungwa kwa bolti chini ya injini. Mabomba ya breki yalitolewa chini ya gari yakapitishwa ndani, mbali na mawe. Springi zikabadilishwa kwa ngumu zaidi, na nyuma wengine wakafunga shokabsoba mbili kwa kila gurudumu, kwa kuwa moja ilichemka ikaishiwa nguvu. Injini ilifunguliwa, ikapimwa, ikarudishwa kwa uangalifu. Aliyebakiwa na pesa baada ya hayo yote ndiye aliyefikiria kabureta ya pili.

Mtu aliyeuthibitisha mpangilio huo ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake, akafanya kazi ya kusaidia magari yaliyoharibika barabarani kwa chama cha wenye magari. Alijua gari hufia wapi kabla hajajua kulikimbiza. Mwaka 1965 aliingia na Volvo PV544 ya mtumba, gari ambalo mwaka mmoja nyuma lilikuwa la timu ya kiwanda. Umbo lake lilikuwa la miaka ya 1940, na kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka huo huo. Joginder na ndugu yake Jaswant walilifungua wakaliandaa wenyewe, wakashinda. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Hiyo 19 naithamini kuliko vikombe vyake vitatu. Dereva yeyote hodari anaweza kushinda siku moja. Kumaliza mara 19 ni kazi ya spana.

Watanzania nao wasisahau haki yao. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 pamoja na Chris Rothwell kwa Peugeot 404. Gari hilo lilikuwa na injini ya sisi (cc) 1,618, na ndugu yake pikapu ndiye aliyebeba abiria wa matatu Kenya nzima. Mteja aliyelinunua 404 miaka ile hakuhitaji tangazo. Alikuwa ameliona likipita Mbulu na Usambara katika mvua.

Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakawa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, na mwaka uliofuata Safari ikaingia katika ubingwa wa dunia. Viwanda vilileta magari yaliyojengwa kwa ajili ya Safari tu, magari ya kufuata yaliyojaa spea, na baadaye helikopta za kuruka mbele na kumwonya dereva juu ya ng'ombe na malori. Mtu mwenye gari moja na mafundi wawili alizidi kurudi nyuma ya orodha. Siwalaumu waliokuja, maana Shekhar Mehta wetu alishinda mara tano akiwa na Datsun na Nissan za kiwanda. Lakini kanuni ya gari la dukani ilikuwa imekufa, na kwa fundi mdogo ule ulikuwa msiba.

Haikufa yote. Mwaka 1993 Patrick Njiru alifika mwisho na Subaru Vivio, kigari cha sisi 660, wakati Colin McRae mwenye gari kama hilo hakufika. Mwaka 1994, Ian Duncan aliposhinda, Njiru alikuwa wa nne kwa Impreza WRX ya kundi N, yaani kundi la magari yanayokaribiana na yale ya dukani. Impreza wanazoniletea vijana leo ni wajukuu wa gari lile.

Kwa hiyo nawaambia wafuate utaratibu wa Nakuru: uimara kwanza, nguvu mwisho. Kwanza breki: mafuta ya breki hunyonya maji kadiri yanavyokaa, yakipata joto huchemka, na pedali huzama mpaka sakafuni kwenye kona ya tatu. Mafuta mapya yanayostahimili joto, pedi nzuri na mipira mizima ni bei ndogo kuliko sehemu yoyote ya turbo. Pili tairi, kisha bushi na shokabsoba. Halafu oili: injini ya Subaru imelala, na kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu. Mdomo wa kunyonya ukivuta hewa, beringi za kranki zimekwisha. Jaza hadi alama ya juu, funga vizuizi ndani ya sampu, safisha rejeta. Kiti kimoja kinachokushika na mkanda imara. Endesha hivyo msimu mzima ndipo urudi tuzungumze juu ya nguvu.

Kuna deni moja katika historia hii ambalo halijalipwa. Mwaka 1953 Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwafrika aliyekuwa karibu na magari ya Safari alikuwa chini yake, mgongoni kuna gunia, mkononi spana. Orodha za washindi zimechapishwa mara nyingi, kila dereva na kila msoma ramani. Waliokwangua ile gundi na kushona bodi inchi kwa inchi hawamo. Baada ya 2002 Safari ilitolewa katika ubingwa wa dunia, ikarudi 2021 kule Naivasha, na hata katika kelele za kurudi kwake sikusikia mtu akiwauliza mafundi wale wazee. Wengi wao wamekwenda. Kama babu yako au mjomba wako alifanya kazi katika gereji iliyoandaa gari la Safari, iwe Nairobi, Nakuru, Kampala, Arusha au Dar es Salaam, keti naye mwezi huu, umwulize alishughulikia gari gani, la nani, mwaka gani, na uandike jina lake kamili.