Asenath Bole Odaga, mwandishi aliyefungua duka la vitabu Kisumu

MTAMBAJI wa Kiluo akifika mwisho wa kisa chake hutamka maneno mawili: "Thu tinda!" Wasikilizaji hujua hapo kwamba hadithi imekwisha. Marehemu Asenath Bole Odaga aliyafanya maneno hayo kuwa jina la mkusanyiko wake wa hadithi uliotoka mwaka wa 1980, na baadaye akalipa jina hilo duka lake la vitabu mjini Kisumu.

Odaga alizaliwa mwaka wa 1937 Rarieda, eneo ambalo sasa limo katika Kaunti ya Siaya, akafariki mwaka wa 2014. Alianza kazi akiwa mwalimu. Mwaka wa 1966 kampuni ya East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha kitabu chake cha watoto, Jande's Ambition. Mwaka uo huo kampuni hiyo ilitoa The Promised Land, riwaya ya Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, papo hapo Rarieda. Wote wawili waliandika juu ya maisha ya watu wa kwao, lakini kwa Kiingereza.

Wakati huo fasihi simulizi haikuwa na heshima kubwa katika masomo. Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1968, pale Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika ipewe nafasi ya kwanza. Baadaye mageuzi hayo yaliingia katika shule za sekondari, nazo zikahitaji vitabu. Odaga, ambaye alikuwa ametafiti fasihi simulizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alishirikiana na Kichamu Akivaga kuandika kitabu cha kiada cha somo hilo kilichotolewa mwaka wa 1982.

Angeweza kubaki Nairobi. Badala yake, katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1980 alirudi ziwani na kuanzisha kampuni yake, Lake Publishers and Enterprises. Huko alichapisha riwaya, vitabu vya watoto na vitabu vya Dholuo. Miongoni mwa simulizi alizozihifadhi ni ile ya Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini aliyemvua bikizee katika wavu wake, akatajirika kwa ng'ombe, kisha akamtukana mzee huyo hata utajiri wote ukamfuata ziwani. Alihifadhi pia ile ya Simbi Nyaima, ziwa dogo karibu na Kendu Bay, ambalo inasemekana lilikimeza kijiji kilichomnyima mgeni ukarimu. Ogot naye aliiandika simulizi ya Simbi kwa Dholuo.

Kuchapisha vitabu vya aina hiyo si biashara nyepesi. Nchini Kenya mchapishaji huishi kwa vitabu vilivyoidhinishwa kutumiwa shuleni. Dholuo haikutahiniwa katika mtihani wa kitaifa wa darasa la nane, hivyo mzazi mwenye fedha kidogo alinunua kwanza vitabu vya hesabu, Kiingereza na Kiswahili. Kitabu cha hadithi za nyumbani kilisubiri. Ndiyo maana kazi hiyo ilifanywa na watu wachache waliotia mifuko yao wenyewe. Mjini Kisumu kulikuwa pia na Anyange Press, iliyohusishwa na mwanahistoria Bethwell Ogot, mumewe Grace. Ndiyo iliyotoa tawasifu ya Grace, Days of My Life, mwaka wa 2012.

Waanzilishi hao wote wameaga dunia: Odaga mwaka wa 2014, Grace Ogot mwaka wa 2015, na Profesa Ogot mwaka wa 2025. Kitabu cha kampuni ndogo kikiisha dukani, na mwenye kampuni hayupo, si rahisi kichapishwe tena. Nakala zilizobaki huwa katika masanduku ya familia, ambako mchwa na unyevu wa ziwa havina simile.

Hata hivyo, haja ya vitabu hivyo imerudi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, una somo la lugha za kiasili katika gredi tatu za kwanza. Mwalimu wa Dholuo sasa anahitaji hadithi za kusomesha. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zina mamlaka ya kuzitafuta nakala hizo, kuafikiana na warithi wa haki za uandishi, na kuziweka mahali ambapo mtoto wa mvuvi wa Dunga anaweza kuzisoma bila malipo.

Kazi ngumu, ya kuzikusanya simulizi na kuziandika, Odaga alikwisha kuifanya. Iliyosalia ni kuhakikisha kwamba hazipotei mara ya pili.