Kazi ya Mkono na Masomo ya Kitabu katika Shule za Kenya

Halmashauri ilitutaka tueleze kwa ufupi asili ya shule za sekondari zinazofundisha ufundi pamoja na masomo, ili wanachama wapate kuamua kwa ujuzi kama mfuko wetu wa elimu uwasaidie watoto wanaochagua njia ya ufundi. Twaanza mbali kidogo, kwa kuwa shaka waliyo nayo wazazi wengi haikuzuka jana.

Katika mwaka wa 1909 Serikali ya Mwingereza ilipokea shauri la Bwana J. Nelson Fraser, mtumishi wa elimu kutoka Bombay katika Bara Hindi. Alishauri kwamba Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Tangu reli ilipojengwa, baina ya 1896 na 1901, kazi nyingi za ufundi zilikuwa mikononi mwa mafundi wa Kihindi, na walowezi walitamani kupata fundi wa mshahara mdogo kuliko huo. Hapo ndipo penye mzizi wa mambo. Randa na msumeno havikuwa na kosa lolote. Watu waliitilia shaka nia ya yule aliyevitoa.

Wanafunzi waliliona jambo hilo hata kabla ya ripoti kuandikwa. Shule ya Maseno ilifunguliwa na wamisionari wa Kanisa la Kiingereza mwaka wa 1906 kwa ajili ya wana wa machifu. Mwaka wa 1908 wanafunzi wakagoma: walikataa kazi za mikono, wakataka wazidishiwe kusoma na kuandika. Wako waliosimulia habari hii kana kwamba ni uvivu wa vijana. Sisi twaona sivyo. Vijana hao walitoka katika nyumba za wakulima na wafugaji, na jembe walilishika kabla ya kuiona shule. Walichokikosa ni kalamu. Aliyeijua kalamu ndiye aliyeweza kuisoma hati kabla ya kuweka kidole gumba chake, na ndiye aliyeketi kivulini wakati wenziwe wakibeba mawe. Mtoto aliyetumwa shuleni akapewa jembe lile lile alilolikimbia angewezaje kushukuru?

Mwaka wa 1924 ilifika Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwa Dokta Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Tume hiyo ilizisifu sana shule za Hampton na Tuskegee, ambako watu weusi wa Marekani walijifunza kilimo na ufundi pamoja na masomo. Mwaka huo huo chuo cha serikali cha mafundi kilianzishwa Kabete, na mwaka wa 1925 ikafuata Shule ya Jeanes hapo hapo, ya kuwafunza walimu wa vijijini. Tarehe 1 Machi 1926 Shule ya Alliance ikafunguliwa huko Kikuyu chini ya Bwana Grieve, nayo ndiyo iliyokuja kutoa wanasheria na mawaziri. Basi katika muda wa miaka mitatu, na kwa mwendo wa maili chache tu, mkono ulijengewa nyumba yake na kitabu kikajengewa yake. Kila mzazi aliona ni ipi iliyokuwa na mlango wa kuingilia ofisini. Yafaa kukumbuka pia kwamba Mbiyu Koinange alikwenda Hampton mwaka wa 1927, lakini hakukomea hapo. Aliendelea na masomo ya chuo kikuu, na aliporudi ndipo Chuo cha Walimu cha Githunguri kilipoanzishwa, mwaka wa 1939. Serikali ilikifunga mwaka wa 1952.

Baada ya Uhuru zilikuwako shule za sekondari za ufundi, kama ile ya Sigalagala katika Kakamega, ambako kijana alisoma hisabati asubuhi na kwenda karakana bila kudharauliwa na mtu. Kwa maoni yetu hizo ndizo zilizokaribia zaidi lililokuwa likitafutwa. Lakini mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, kwa kufuata ripoti ya Mackay ya 1981, kila shule ilitakiwa ifundishe ufundi. Na katika miaka hiyo hiyo shule za sekondari za ufundi ziligeuzwa kuwa vyuo vya waliokwisha kumaliza sekondari. Ni ajabu kubwa: waliojua kazi hiyo waliondolewa darasani wakati ule ule ilipoagizwa kila mahali.

Wazee wanakumbuka yaliyofuata. Wazazi walichanga kwa Harambee, karakana zikainuka; kuta zilikuwako na mabati yalikuwako. Jiliwa, patasi, keekee, mbao za kufanyia mazoezi, na mwalimu aliyepata kuifanya kazi yenyewe, hivyo havikuwako. Karakana nyingi zikawa ghala za mahindi. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 masomo mengi ya ufundi yalipunguzwa, na wengi walipumua.

Mtaala mpya, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, umeweka njia tatu katika sekondari ya juu, na ufundi umewekwa pamoja na sayansi na hisabati katika njia moja. Mtoto haachi kitabu ili ashike chombo. Hilo ndilo walilolikosa wale wa 1908.

Lakini vyombo havishuki mbinguni. Mwanachama anayepeleka mtoto katika shule kama hiyo na aingie karakana kwanza kabla ya kulipa karo: ahesabu jiliwa zilizoko na wanafunzi watakaozitumia, aulize mwalimu wa ufundi alijifunza wapi, kisha atulete majibu hayo kwa maandishi. Mweka hazina amekubali kuyaambatisha kwenye maombi ya msaada.