Hesabu kwa tableti: programu inayofuata kiwango cha kila mtoto

Katika shule nyingi za msingi za Goma, watoto wa kalasi moja hawana kiwango kimoja cha hesabu. Machi 2020 shule zilifungwa juu ya Covid-19. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na wakaaji wengi wakakimbia mji. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia Goma, masomo yakasimama tena. Kuna pia watoto wa familia zilizohama mara nyingi, waliosoma nusu mwaka hapa, nusu mwaka kule. Na tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwaka 2019, kalasi zimejaa zaidi. Mwalimu anashindwa kujua kila mtoto amekwama wapi.

Programu hii ni kitu gani?

Ni programu ya tableti au simu inayobadilisha mazoezi kufuatana na majibu ya mtoto. Kwanza inampa jaribio dogo. Tuseme mtoto wa mwaka wa tano anaulizwa 52 kutosha 27, naye anajibu 35. Kosa hilo linaonyesha kwamba ameona 7 haitoki kwenye 2, akageuza, akatosha 2 kwenye 7. Basi programu inamrudisha kwenye makumi na mamoja, halafu inampandisha pole pole. Mwenzake aliyejibu 25 anaendelea mbele bila kumngojea.

Ilijaribiwa wapi?

Jaribio kubwa kwa Kiswahili lilifanyika Tanzania, mkoa wa Tanga, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 wa vijiji karibu 170, wengi wao hawajawahi kuingia shule, walipewa tableti zilizochajiwa kwa nguvu ya jua. Walijifunza kusoma, kuandika na hesabu kwa miezi 15. Mei 2019, Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Programu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi, mtu yeyote aweze kuzitumia bure.

Huko Kenya, M-Shule ilichukua njia nyingine: masomo yanatumwa kwa SMS, hata kwenye simu ndogo isiyo na intaneti.

Inaomba nini hapa kwetu?

Umeme ni wa kwanza, ama paneli ya jua. Intaneti si lazima kila siku kama masomo yamewekwa ndani ya tableti. Inafaa pia mahali salama pa kuzifungia usiku, na mpango wa kupokezana. Lugha nayo ni swali: programu ya Tanga inasema "kutoa", watoto wa hapa wanasema "kutosha", na kalasi za juu wanasoma hesabu kwa Kifaransa. Mwalimu anabaki wa lazima, maana tableti haioni mtoto mwenye njaa wala mwenye woga.

Na kama hakuna tableti?

Wazo lenyewe halidai mashine. Shirika la Pratham la India linapanga watoto kwa makundi kufuatana na wanachojua, si kufuatana na kalasi, kwa sehemu ya siku. Jaribio la maswali machache kwenye kipande cha karatasi linatosha kuanza. Bila hivyo, mtoto asiyejua kutosha anapandishwa kalasi kila mwaka, na pengo lake linaonekana siku ya ENAFEP, mwishoni mwa mwaka wa sita, wakati wa kulijaza umekwisha kupita.