Ngome ya Lamu na Pwani Iliyohama

Katika taarifa ya mwaka huu, baada ya hesabu za Chama, tumeona yafaa tuweke maneno machache juu ya pwani ya Lamu, maana wazee waijuao habari hii wanazidi kupungua.

Mgeni ashukaye gatini hana budi aingie mjini kidogo ndipo aione ngome, naye hushangaa: ngome ya kulinda bahari yawezaje kuwa nyuma ya nyumba? Jibu ni kwamba ngome haikuhama. Iliyohama ni pwani. Zamani maji yalifika karibu na kuta zake, na njia kuu ya mji, Usita wa Mui, ndiyo iliyofuata ukingo wa bahari. Baadaye, hasa katika karne ya 19, ufuo ulijazwa takataka na vifusi kidogo kidogo, na wafanyi biashara wakajenga juu ya ardhi hiyo mpya.

Ngome yenyewe ilizaliwa na hofu. Mnamo mwaka wa 1813 hivi, watu wa Lamu waliwashinda huko Shela majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa. Kwa kuogopa kisasi, wakamwomba msaada Sayyid Said wa Oman, naye akawaletea liwali na askari. Ngome ikamalizika mwaka wa 1821. Hivyo waliotafuta mlinzi walipata na mtawala.

Tangu mwaka wa 1910 hata 1984 ngome ilikuwa jela. Neno gereza lenyewe, ambalo asili yake ni jina la kanisa kwa Kireno, pwani yetu lilikuwa jina la ngome kabla ya kuwa la wafungwa. Mwaka wa 1984 jengo lilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, na mwaka wa 2001 mji wa kale ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Leo watoto huingia kwa hiari mlango ambao babu zao waliuogopa.

Basi twawasihi wanachama mambo mawili. Kwanza, uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, usizibwe kwa vibanda, maana ndio nafasi iliyosalia baina ya ngome na bahari yake. Pili, kila mmoja amwulize mzee wake maji yalifika wapi, kisha ayaandike majibu. Alama ya maji imekwisha kufukiwa. Isipoandikwa, haitaonekana tena popote.