Sultani Darai na Nasaba Zetu

Katika nyumba za jamaa zetu, iwe Ibra, Nizwa, Sur au huku ughaibuni tulikotawanyika, haikosekani karatasi ya nasaba. Nyengine zimeandikwa kwa mkono, nyengine zimepigwa chapa na kutiwa fremu ukutani. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka kufikia babu ambaye jina lake hakuna anayeweza kulithibitisha wala anayethubutu kulikanusha. Waliomo wote ni mashekhe, wanazuoni au mashujaa. Hamna hata mmoja aliyekimbia deni. Hamna mwongo, bakhili wala mvivu. Sisi ambao kazi yetu ni uhandisi tumefunzwa kuitilia shaka hesabu isiyokuwa na kosa hata moja, kwani hesabu ya namna hiyo mara nyingi imenakiliwa, haikupimwa.

Kwa hivyo leo tunapenda kuwakumbusha kitabu chengine kinachotuhusu, ambacho watu wake wote wana ila. Mwaka 1870 Edward Steere, padri wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Aliuita Swahili Tales. Ukurasa mmoja ni Kiswahili, wa pili yake ni Kiingereza. Wengi wetu tunazihesabu kuwa ni hadithi za kuwalaza watoto. Ukizisoma ukubwani utaona kuwa ni vichekesho vichungu. Mwalimu Goso anaangukiwa na buyu kichwani, anakufa, na wanafunzi wake wanatoka kumtafuta mwenye makosa: wanaupiga upepo, ukuta, panya na kila kinachotajwa mbele yao, mpaka wanamfikia asiyekuwa na jawabu, na huyo ndiye wanayemuua. Punda wa dobi ameshaponea chupuchupu makucha ya simba, anabembelezwa arudi, na anarudi.

Lakini iliyo kubwa kuliko zote ni hadithi ya Sultani Darai. Mtu mmoja aliyefilisika anachakura jaani kama kuku akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, yaani sehemu ya nane ya riale, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka: wewe mwenyewe huna cha kula, paa utamlisha nini? Kumbe paa anasema. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali na kusema kuwa ni zawadi ya bwana wake, Sultani Darai, anayetaka kuposa. Siku ya safari anamvua bwana wake matambara, anampiga, anamuacha mtoni, kisha anakwenda kulia kwa mkwe kuwa bwana harusi amevamiwa na wezi. Nguo zikaletwa, harusi ikafungwa. Ndipo paa akenda kumuua nyoka wa vichwa saba na kuichukua nyumba yake, ili bwana wake apate pa kumuweka mke. Katika yote hayo Darai hakufanya kitu ila kukubali.

Kisha paa akaugua. Mke akalia, akataka mgonjwa apikiwe chakula kizuri. Darai akasema apewe uji wa mtama duni, kwani si wa thumni tu? Paa akafa kwa huzuni, akatupwa kisimani. Usiku ule mke aliota yuko kwao, akaamka yuko kwao. Mume aliota yuko jaani, akaamka yuko jaani anachakura, na watoto wanapita wakimcheka.

Huyu Darai sisi tunamjua. Katika karne ya 19 wengi wa watu wa Sharqiya na Dakhiliya waliokwenda Unguja hawakwenda kama wafalme. Maisha ya bara ya Oman yalitegemea falaji. Mvua zikinyesha, Falaj Daris ya Nizwa hushiba. Ikija miaka ya ukame, maji hupungua. Na maji yenyewe yanamilikiwa kwa muda: fungu moja, liitwalo athar, ni kiasi cha nusu saa. Aliyebanwa huweka rehani maji yake, kisha mitende yake, kisha huteremka Sur kungojea kaskazi ya mwisho wa mwaka impeleke kusini.

Mwanahistoria wa Kimarekani, Thomas McDow, katika kitabu chake Buying Time cha mwaka 2018, amezipekua nyaraka za madeni ya zama zile na kuonyesha kuwa deni ndilo lililowabeba watu hawa. Mtu alikopa kwa tajiri wa Kihindi, akaweka rehani shamba la mikarafuu, akaingia bara ya Afrika kutafuta pembe. Kukopa kulikuwa ni kununua muda, na muda ukimalizika bila ya pembe kupatikana, wengine waliona ni salama zaidi kutorudi pwani. Nasaba zetu zinasema walikwenda kueneza dini. Wapo waliofanya hivyo, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini mtu anaweza akaeneza dini na akakimbia deni kwa safari moja.

Alipofika huko, aliyekuwa si kitu kwao alikuwa mtu mkubwa. Darai hakuwa peke yake katika kuvaa nguo za kuazima. Tippu Tip, aliyekopa fedha za safari zake kwa Taria Topan, ametueleza kwa ulimi wake mwenyewe katika maisha yake, yaliyochapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, vipi alivyoupata utawala wa Utetera katika Kongo. Alimwambia mtawala mzee, Kasongo Rushie, kuwa yeye ni mjukuu wa ndugu yake wa kike aliyetekwa zamani. Mzee akafurahi, akamkabidhi nchi. Anaisimulia khabari hii bila ya haya hata kidogo, na sisi tunaisoma tukicheka, mpaka tukumbuke nini kilichowafika watu wa nchi ile baadaye.

Manahodha wa Sur nao walikuwa na almasi yao: bendera ya Ufaransa. Manowari za Kiingereza zilipokuwa zikisimamisha majahazi kutafuta watumwa, jahazi lenye bendera hiyo halikupekuliwa ovyo. Basi ikawa Msuri wa Sur, ambaye hajui neno moja la Kifaransa, akifika baharini huwa mtu wa Ufaransa. Mambo yalikua mpaka Uingereza na Ufaransa zikapelekana mbele ya Mahkama ya Usuluhishi mjini The Hague. Miongoni mwa wasuluhishi watatu alikuwamo Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905: waliopewa ruhusa kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waachiwe, wapya wasipewe, isipokuwa wale waliokuwa chini ya himaya ya Ufaransa kabla ya mwaka 1863. Tukiwaza kuwa wanasheria wakubwa wa ulimwengu walikaa kitako kuamua kama nahodha wa kwetu ni Mfaransa, tunacheka. Lakini bendera ile haikufichwa nyuma yake tende peke yake, na walioachwa ngamani hawakuwa na bendera yao.

Hapo ndipo tunapomrudia paa. Hadithi hii ilisimuliwa Unguja miaka ya 1860, soko la watumwa likiwa wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu alilolijenga Steere limesimama pahala pake. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa misheni yake walikuwamo watoto waliotolewa katika majahazi. Msimulizi wa zama zile na wasikilizaji wake walijua vyema ni nani Unguja anayenunuliwa kwa bei, akamwita mnunuzi bwana, akamfanyia biashara, akamposea mke, akamtafutia nyumba, na akiugua akapewa uji duni. Hatuwezi kusema kuwa aliyeitunga alikusudia hivyo. Hadithi za mnyama anayemtajirisha maskini ziko duniani kote. Tunasema kuwa katika mji ule masikio hayakuweza kuisikia vyengine.

Au pengine yaliweza. Katika nyumba tuliyokulia Ibra, mwishoni mwa miaka ya 1970, bibi yetu mzaliwa wa Unguja alikuwa akitusimulia hadithi hii baada ya sala ya isha. Alikuwapo pia mama mmoja mtu mzima aliyekuja nasi kutoka Unguja, aliyekuwa akipika na kutulea. Wakubwa walisema ni "mtu wa nyumbani", nasi hatukuuliza maana yake. Bibi akifika penye uji, sisi watoto tulilia. Yule mama akicheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia khabari za anayemjua. Usiku mmoja tukamuuliza kwa nini anacheka na paa anakufa. Akasema: "Paa wa hadithi mnamlilia. Haya, nendeni mkalale, nikoshe vyombo." Bibi alinyamaza. Tulikuwa watu wazima, tumeshasoma na kurudi kutoka nchi za nje, ndipo maneno yale yalipotufikia.

Wapo watakaosema: unataka kusema kuwa tarehe 12 Januari 1964 ndiyo asubuhi aliyoamka Darai jaani? Hapana, hatusemi hivyo. Waliouawa siku zile walikuwamo Wamanga wa mashamba ambao mali yao yote ilikuwa gunia la mchele na debe la mafuta ya taa katika kibanda cha duka. Walikuwamo watoto. Hao hawakumtupa mtu kisimani, na hakuna hadithi inayohalalisha damu yao. Tunalosema ni jengine. Tunapokaa kuandika maafa yetu tunahesabu mashamba, nyumba na majina ya waliokufa, na ni haki yetu kuhesabu. Lakini waliochimba mashimo ya mikarafuu ile hawamo katika hesabu yetu. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na Oman mwaka 1970. Hizi si zama za Nuhu. Wapo walio hai waliowaona waliokuwa watumwa.

Sultani Qaboos alipochukua utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi, wazee wetu wengi walirudi na sanduku moja na Kiswahili chao. Kwenye mabaraza ya Muscat kila mmoja alikuwa ameacha ghorofa Mji Mkongwe. Kwa hesabu za kihandisi, mji ule ungebidi uwe mara tatu ya ukubwa wake. Tuliwacheka kwa siri, na tuliwapenda. Uwongo ule ulikuwa nguo za kuazima za mtu aliyevuliwa zake mtoni, na safari hii wezi walikuwa wa kweli.

Watoto wetu sasa Kiswahili wanakisikia kwa masikio tu, wakijibu kwa Kiarabu au Kiingereza. Tukiwaachia karatasi ya nasaba peke yake, tutawaachia mababu wasiopata kuwa na njaa, wasiopata kusema uwongo na wasiopata kumdhulumu mtu. Mababu wa aina hiyo mtoto hawezi kuwapenda, kwani hawafanani naye. Tunawaomba wasomaji wa jarida hili, wenye mabibi walio hai, wakae nao na waandike hadithi zao kama zilivyo, na khabari za madeni na aibu pia, na wamtaje kila aliyekuwamo nyumbani.

Sisi tumeitazama tena nasaba yetu. Ina vizazi kumi na moja. Yule mama aliyetukosha, akatulisha na akatulaza hayumo. Tulitaka kuliandika jina lake pembeni kwa wino, tukashindwa kulimaliza. Jina la baba yake hatukupata kumuuliza.